Timu ya Shule Ni ya Nani?



Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, umebisha hodi. Walimu wa michezo wameshaanza kuandika majina, wakuu wa shule wanahangaika na nauli na jezi, na huko halmashauri watu wanapiga hesabu za magodoro na mchele wa kambi. Kuanzia sasa tutayasikia sana maneno nidhamu, umoja, mshikamano, uzalendo. Yatachorwa kwenye mabango, mgeni rasmi atayasema, na mshereheshaji atayarudia. Sina ugomvi nayo, ni maneno mazuri yote. Ila nikitaka kujua shule inaamini nini hasa kuhusu michezo, sihangaiki na bango. Naomba kuona orodha ya timu. Naangalia nani yumo, nani ameachwa, na yule wa mwisho katika orodha ametokea wapi.

Tuanze na huyo wa mwisho.

Wanaoyajua mashindano ya shule wanalijua zoezi la uhakiki. Meza mbili zimetolewa darasani na kuwekwa chini ya mwembe. Walimu watatu wa kamati wameketi, kila mmoja na faili lake. Wachezaji wamepanga mstari wakiwa na sare za shule, wanaitwa mmoja mmoja. Mwalimu anatazama picha ya pasipoti iliyogongwa muhuri, anatazama uso, anarudi kwenye picha. Unaitwa nani? Uko kidato gani, mkondo gani? Ulizaliwa mwaka gani? Hayo yote kijana ameyakariri kwenye gari wakati wa kuja. Halafu linakuja swali dogo: mwalimu wako wa hisabati anaitwa nani? Kijana anameza mate. Shati limembana mabegani kwa sababu si lake, na kidevu kimenyolewa alfajiri ile. Anageuka kumtafuta kocha, na kocha ghafla ana simu ya haraka ya kupokea.

Huyo ndiye tunayemwita mamluki. Kila mwaka tunamlaani, timu inaondolewa, rufaa zinakatwa, na mwaka unaofuata anarudi kwa jina jingine. Kenya wanalia naye, Uganda wanalia naye, na hata kwenye michezo ya FEASSA, inayokutanisha sekondari za Afrika Mashariki, malalamiko ya umri na uhalali wa wachezaji si mageni. Tumezoea kumwona kama mhalifu mdogo. Mimi naona kosa lake ni dogo kuliko yote. Mtu mzima alimfuata kijiweni, akampa sare, akamfundisha jina la uongo.

Hasara yenyewe wanaipata wale wengine kumi kwenye kikosi. Wao ni wanafunzi halali, na wanajua kabisa kwamba mshambuliaji wao si wa shule yao. Wanajua pia kwamba mwalimu anajua, na kwamba mkuu wa shule aliyetia saini fomu anajua. Kila Jumatatu mkuu huyohuyo husimama mstarini kuwahubiria uaminifu. Sasa wamejifunza kwa vitendo kwamba uaminifu ni wa mstarini, na uwanjani kuna utaratibu mwingine. Somo hilo halina mtihani, lakini hakuna mwanafunzi anayelifeli. Na wa kumi na mmoja ni yule aliyefanya mazoezi miezi mitatu akaachwa siku ya safari ili mgeni apate nafasi. Yeye amejifunza zaidi.

Kwa hiyo swali langu la leo ni hili: timu ya shule ni ya nani? Ni ya mkuu wa shule anayetaka kikombe cha kuweka kwenye kabati la ofisi? Ni ya wilaya inayotaka kutajwa mkoani? Ni ya klabu kubwa zinazotafuta vipaji vya bure? Au ni ya watoto waliosajiliwa pale?

Tukumbuke kwanza michezo ya shule ilikujaje kwetu. Mpira na kriketi vilichezwa Kiungani, Unguja, kwenye shule ya wamisionari Waanglikana, tangu karne ya kumi na tisa. Baadaye shule za serikali na za misheni, Tabora kwa upande wetu na Alliance kwa upande wa Kenya, ziliichukua michezo kama sehemu ya malezi. Edward Carey Francis, aliyeiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alikuwa mwanahisabati, lakini kwake uwanja wa mpira ulikuwa darasa kamili. Imani hiyo ilitoka kwenye shule za bweni za Uingereza: kwamba mchezo hujenga tabia, kwamba kijana akijifunza kutii filimbi, kuvumilia kushindwa na kutomsaliti mwenzake, atakuwa mtu wa kutegemewa. Wakoloni walikuwa na sababu zao za kutaka watu wa kutegemewa, na walichagua wachache sana wa kuwalea hivyo. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba mchezo ni malezi, lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, akaijua elimu ile kutoka ndani. Mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa ikapitishwa. Sijui kama watu wengi wamewahi kuyasoma mambo haya mawili pamoja, lakini yanasomeka vizuri. Mwalimu alilalamika kwamba shule ya msingi ilikuwa inaendeshwa kama njia ya kuwachuja wachache waende sekondari, na wale wengi waliobaki walitoka wakijiona wameshindwa maisha. Akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe kwa mtoto ambaye hataendelea.

Hebu chukua hoja hiyo uipeleke uwanjani. Michezo ya shule zetu imekuwa mchujo mtupu: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kila hatua inaacha watoto nyuma. Mchujo si dhambi, mashindano bila mchujo hayaendi. Dhambi ni pale ambapo nje ya mchujo hakuna kitu. Mtoto asiyeteuliwa hana mchezo wowote mpaka amalize shule.

Nenda shule yoyote kubwa ya mjini alasiri ya michezo ukajionee. Wanafunzi wanazidi elfu moja. Mpira wa miguu ni mmoja, umeshonwa mara mbili, unachezewa na kikosi cha kwanza kinachojiandaa kwa mashindano. Wa netiboli upo ofisini, umefungiwa, kwa sababu mwalimu mwenye ufunguo ana kikao. Waliobaki wanafyeka, wanachota maji, au wamekaa kwenye kivuli wanawashangilia wale ishirini na wawili. Nyuma ya vyoo kuna wadogo wanaocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na soksi, na hao, kwa maoni yangu, ndio wenye programu bora ya michezo katika shule ile. Kila aliyefika anacheza. Wakizidi, wanagawanyika. Anayeumia anasubiriwa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hayo.

Najua kuna msikilizaji anayesema: bwana, wewe unataka wote wacheze, basi tutapata wapi mabingwa? Swali zuri. Twende Iten tukatafute jibu.

Iten ni mji mdogo wa Elgeyo-Marakwet, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Pale kuna shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's, iliyoanzishwa na mabruda Wakatoliki kutoka Ireland. Waliopita pale ni pamoja na Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, kisha akaibeba Boston mara tatu. Kuna Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Seoul mwaka 1988. Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Na Wilson Kipketer, aliyekimbia kwa niaba ya Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo na mwenye rekodi ya dunia.

Ukisikia orodha hiyo utadhani pale pana maabara. Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa kocha, wala hakuwahi kuwa mwanariadha. Timu ya riadha alirithishwa na mwalimu mwenzake Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake yule mkimbiaji maarufu Brendan Foster. Kwa kuwa hakujua, ilibidi atazame wavulana wanavyokimbia, awaulize wanajisikiaje, asikilize, kesho yake ajaribu tena. Mpaka leo wanaomfahamu husema kwamba huuliza zaidi ya anavyoamuru. Mazoezi yalipangwa yaendane na ratiba ya shule. Kambi za vijana ziliwekwa wakati wa likizo, na humo wadogo walianza na mwendo wa taratibu, mkao wa mwili, mikono, hatua, kabla ya mtu yeyote kushika saa.

Wapo watakaosema ni hewa ya milimani. Hewa ya Iten inavutwa na shule nyingi za ukanda ule, na si zote zilizotoa bingwa wa Olimpiki. Wapo pia watakaosema, nao wana haki, kwamba hata St. Patrick's ilipokea vijana kwa sababu ya miguu yao. Kipketer mwenyewe alipewa nafasi pale kwa kuwa kipaji chake kilishasikika. Ni kweli. Lakini angalia tofauti. Aliyepokelewa Iten alipewa dawati, akapewa kitanda bwenini, akafundishwa fizikia na Kiswahili, akafanya mitihani, akawa wa shule kwa miaka. Mwalimu wake wa hisabati alimjua kwa jina. Mamluki wetu anapewa shati la kuazima kwa wiki mbili, na timu ikitolewa anaachiwa ajitafutie nauli ya kurudi kwao. Shule inaweza kabisa kumtafuta mtoto mwenye kipaji. Itueleze tu itamfanyia nini siku atakapovunjika mguu.

Na kuna jambo jingine dogo pale Iten ambalo nalipenda. Mwanafunzi aliyeleta medali kubwa hupandiwa mti katika eneo la shule, na jina lake huwekwa kwenye kibao. Wavulana wa kidato cha kwanza wanapita hapo wakienda darasani. Bingwa anaheshimiwa kama mtu aliyesoma pale, naye anabaki sehemu ya mazingira ya kila siku.

David Rudisha hakusoma St. Patrick's, alisoma sekondari nyingine, Kimuron, lakini ni mikononi mwa bruda huyohuyo alimokulia kimchezo. Kwenye Olimpiki ya London, mwaka 2012, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya 1:41. Aliongoza tangu mwanzo. Nyuma ya mbio hizo palikuwa na mwalimu aliyetumia miaka kumlea bila kumharakisha. Mabingwa, msikilizaji, hupatikana pale ambapo mtu mzima hana haraka na mtoto.

Mfano wangu wa pili si wa shule, lakini shule zingeweza kuuiga kesho asubuhi. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Nairobi, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana inayojulikana kama MYSA. Walikuwa na ligi ya watoto na mtaa uliojaa takataka na mitaro iliyoziba. Wakaamua kwamba usafi uingie kwenye msimamo wa ligi. Timu ikishinda mechi inapata pointi tatu, kama kawaida. Timu ikikamilisha zamu yake ya kusafisha mtaa inapata pointi sita. Kwa hiyo unaweza kuwa na washambuliaji hatari kuliko wote, lakini ukikwepa koleo na toroli, ubingwa utausikia redioni. Pia vijana wanaojitolea kufundisha wadogo, kuchezesha mechi na kuongoza, hukusanya pointi zinazoweza kuwasaidia kulipiwa ada ya shule.

Mtu akidhani utaratibu huo ulidhoofisha mpira, aitazame Mathare United, timu iliyozaliwa humo mwaka 1994, ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, alipita kwenye mikono hiyo.

Hapo Mathare hawakuandika bango la kusema tunathamini mazingira. Waliweka pointi sita. Sisi tunasema tunathamini nidhamu. Je, kuna mashindano ya wilaya ambayo timu isiyopata kadi nyekundu msimu mzima inaongezewa hata pointi moja? Tunasema elimu kwanza. Je, mchezaji aliyeshuka darasani anasaidiwa na timu yake, au anaambiwa masomo atayakuta? Tunachokihesabu ndicho tunachokithamini, mengine ni hotuba.

Nije kwa wasichana. Orodha ya timu inasema mengi kuwahusu pia. Shule nyingi huwapa netiboli, zikaona kazi imekwisha. Ukiuliza kuhusu kikapu au mbio ndefu, unaambiwa wenyewe hawapendi. Ukiwauliza wenyewe, unasikia mambo mengine: hakuna pa kubadilishia nguo, jezi ni fupi na baba hataki, mazoezi yanakwisha giza linaingia na njia ya nyumbani ni ndefu. Hayo yote yanatatulika. Shirikisho la soka la dunia liliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa mwaka 2014, na la mpira wa kikapu likafuata mwaka 2017. Kama dunia nzima imeweza kukaa na kubadili kanuni ya mavazi, mwalimu wa shule ya Pwani au Tanga hashindwi kushona suruali ndefu na kusogeza mazoezi yaanze saa tisa badala ya saa kumi na moja.

Katika hili la kumpa kila mtoto nafasi, nitoe sifa panapostahili. UMITASHUMTA imefungua mlango kwa watoto wenye ulemavu, wakiwamo viziwi wanaocheza soka yao na wasioona wanaocheza mpira wa kengele. Mtoto asiyeona anasikiliza mpira unavyolia sakafuni, anajirusha kuuzuia kwa mwili mzima, na jukwaa lote limenyamaza kwa sababu kelele ni kosa. Aliyesema michezo ni ya wenye miguu mizuri akaitazame mechi hiyo.

Sasa wapo wanaosema michezo inapoteza muda. Wazo hilo liliwahi kuwa sera. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano haya ya shule yalisitishwa nchini, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Baadaye yalirudishwa, lakini vijana waliopita shule katika miaka ile walikosa kitu ambacho hakirudishwi. Mimi nawaelewa waliokuwa na wasiwasi. Mashindano yakiwa ni kambi ya wiki tatu kwa wachache, yenye mamluki, posho na kelele, kweli yanapoteza muda. Dawa yake ilikuwa kuirudisha michezo shuleni: ligi za madarasa, za mabweni, za mikondo, ambazo hazihitaji basi wala posho. Mechi ya Kidato cha Pili A na Kidato cha Pili B haimgharimu mkuu wa shule hata shilingi ya nauli. Na humo ndimo kipa wa kesho atakapoonekana, kwa sababu mwenye kipaji hawezi kuonekana akiwa kivulini.

Basi, mzazi unayenisikiliza, kikao cha wazazi kijacho ukimaliza kuuliza habari za matokeo na michango, uliza na haya. Ni wanafunzi wangapi wa shule hii walicheza mchezo wowote mwezi uliopita? Mipira iko mingapi, na ufunguo wa stoo anao nani? Mchezaji akishuka darasani, mnamfanyaje? Kila aliye kwenye timu anajulikana na mwalimu wake wa hisabati? Mkuu wa shule mwenye programu atayajibu yote bila kufungua faili. Mwenye kikombe tu atakuonyesha kabati.

Nawe mwalimu wa michezo, ambaye mara nyingi hulipwi hata nauli kwa kazi hii, ukiletewa kijana wa kuazima na fomu iliyojazwa tayari, kataa. Utashindwa mechi. Utaitwa ofisini. Lakini watoto wako kumi na mmoja watakuwa wamekuona ukikataa, na watalikumbuka hilo kuliko mechi yenyewe.